Miezi saba ya kusubiri kidato cha tano: kisa cha binti mmoja wa Chamazi na kazi zake za likizo

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa ya binti mwenyewe na mama yake. Majina nimeyaacha kwa makusudi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na pamoja na vipindi vyangu nina dhamana ya malezi na unasihi. Kila ikifika Novemba wazazi huniuliza swali lile lile: "Mwalimu, huyu mtoto akimaliza mtihani, afanye nini mpaka Julai?"

Wana haki ya kuuliza. Mtihani wa kidato cha nne huisha Novemba au siku za mwanzo za Desemba, matokeo hutoka kama Januari, na kidato cha tano hufunguliwa Julai. Hapo katikati mtoto ana miezi saba asiyopangiwa kitu na mtu yeyote. Mwenye uwezo hupelekwa prifomu faivu, yaani masomo ya maandalizi ya kidato cha tano, au kozi ya kompyuta. Asiye na uwezo hutafuta kibarua, na mara nyingi huchukua cha kwanza kinachopita mbele yake. Nimeona vibarua hivyo vikimjenga mtoto, na nimeona vikimrudisha nyuma, ndiyo maana nimeamua kukifungua kisa hiki chote, pamoja na sehemu niliyokosea mimi.

Binti, mkazi wa Chamazi, Dar es Salaam, alikuwa na miaka 17, wa kwanza kati ya watoto wanne. Mama yake anapika chapati na maharage asubuhi karibu na kituo cha daladala. Baba yuko Mtwara na hutuma anapopata. Siku chache baada ya mtihani wa Novemba 2023 alikuja shuleni kurudisha vitabu vya maktaba, akaniamkia, nikaitikia, akakaa kwenye benchi nje ya ofisi. Vitabu vilishapokelewa lakini yeye hakuondoka. Nikajua ana neno.

Neno lenyewe lilikuwa hesabu. Dada mmoja wa jirani aliyekwenda kidato cha tano bweni mwaka uliotangulia alikuwa amemwonyesha fomu ya kujiunga: tranka, godoro, shuka, ndoo, rimu ya karatasi, sare, viatu vyeusi, na juu yake nauli ya kwenda mkoa utakaopangiwa. Ada ya kidato cha tano na sita iliondolewa mwaka 2022 na imewaokoa wazazi wengi, lakini vifaa vya bweni bado vinamsubiri mzazi. Binti alishapita Rangi Tatu, Mbagala, kuulizia bei, duka kwa duka, akapata jumla ya shilingi 240,000. "Mwalimu, mama sitaki nimwambie godoro," alisema. "Nataka nimwambie nimeshanunua."

Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu ushauri mwingi tunaowapa vijana unajifanya kana kwamba pesa si hoja. Tunawaambia watafute uzoefu. Huyu alihitaji uzoefu na alihitaji godoro, na ushauri wowote ambao ungesahau kimojawapo usingemfaa.

Kazi zilizokuwa mbele yake

Kwanza kulikuwa na duka la nguo Kariakoo. Rafiki wa mjomba wake alikuwa tayari kumchukua kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi, saa 2 asubuhi mpaka saa 1 jioni, kwa 5,000 kwa siku. Hii ndiyo aliyoitaka. Wenzake wawili walishapata nafasi huko na 5,000 mkononi kila jioni ni kitu cha kuvutia.

Ya pili ilikuwa steshenari mtaani kwao, dakika kumi kwa miguu, 3,000 kwa siku. Kutoa kopi, kuprinti, lamineshi, kuuza madaftari na kalamu. Mwenye duka aliahidi kumfundisha kuchapa kwenye kompyuta.

Ya tatu ililetwa na jirani mwenye duka la dawa muhimu aliyetaka mtu wa "kukaa tu" wakati yeye yuko kwenye shughuli zake. Hiyo tuliifuta siku hiyo hiyo. Anayetoa dawa kwenye duka la namna hiyo lazima awe amepata mafunzo, na mtoto aliyeachwa peke yake kaunta ataulizwa na mama mwenye mtoto mgonjwa ampe dawa gani. Atajibu. Hapo ndipo balaa linapoanzia.

Cherehani haikuwemo kwenye orodha. Hakuna aliyeitaja, si yeye wala mimi.

Nilichukua karatasi tukapiga hesabu ya Kariakoo. Kutoka Chamazi ni magari mawili: la kwanza mpaka Rangi Tatu, la pili mpaka Kariakoo. Nauli za daladala zilikuwa zimepanda Desemba ile. Na kuna jambo ambalo watoto hawalifikirii kabla: sare ikivuliwa, nauli ya mwanafunzi ya 200 nayo imekwisha. Alikuwa ameshaonja wiki ile, konda alimtazama gauni lake akamwambia alipe kama wengine. Magari manne kwa siku kwa 600 ni 2,400. Chakula cha mchana, hata akila wali maharage wa bei ya chini, 1,500. Katika ile 5,000 kinabaki 1,100. Kwa siku 26 za mwezi anapata 28,600.

Alikaa kimya akiitazama ile karatasi. Kisha akapiga hesabu ya steshenari mwenyewe: hakuna nauli, mchana anakula nyumbani, 3,000 mara 26 ni 78,000. Kazi yenye mshahara mdogo ilikuwa inamwachia karibu mara tatu ya ile kubwa.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi na bado naiamini. Mwanafunzi yeyote anayeambiwa mshahara wa siku aukate nauli na chakula kabla hajaufurahia. Kosa langu lilikuja baada ya hapo. Kwa kuwa pesa ya steshenari ilikuwa nzuri na neno "kompyuta" lilikuwemo, niliona jambo limekwisha. Sikuuliza kitu kingine. Sikwenda kuliona duka. Nilimwambia mama yake kwa simu kwamba binti amepata mahali pazuri, karibu, pana kompyuta, na mama akanishukuru sana.

Steshenari

Wanaokumbuka Dar es Salaam ya mwisho wa 2023 wanajua nilichosahau. Tulikuwa kwenye mgao wa umeme. Mashine ya kopi bila umeme ni meza. Mwenye duka hakuwa na jenereta, na makubaliano yake, ambayo hakuyasema siku ya kwanza na sisi hatukuuliza, yalikuwa kulipa siku ya kazi. Umeme usipokuwepo mpaka mchana, anamwambia arudi nyumbani, siku hiyo haihesabiki. Au anamwambia asubiri, anasubiri mpaka saa 10 jioni, umeme unarudi saa 12, na siku hiyo nayo inakuwa na ubishi.

Desemba alilipwa siku 15, sawa na 45,000. Januari siku 11, yaani 33,000. Kwa miezi miwili alipata 78,000, kiasi kile kile nilichomhesabia kwa mwezi mmoja.

Kompyuta nayo hakuigusa. Mdogo wake mwenye duka ndiye aliyekuwa anachapa, na neno la siri alikuwa nalo peke yake. Binti alikuwa wa kupokea karatasi, kuiweka kwenye kioo, kubonyeza, kupokea mia mbili. Kazi hiyo ilimalizika kujifunzwa siku ya kwanza kabla ya adhuhuri. Wiki ya sita alikuwa anajua kile kile alichokijua siku ile. Nilipomuuliza baadaye nani alikuwa anamsahihisha akikosea, alifikiri kidogo akasema, "Hakuna, Mwalimu. Hakukuwa na cha kukosea."

Jibu hilo limebadilisha namna ninavyoshauri.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo sikulitegemea kabisa. Binti wa miaka 17 hana kitambulisho cha taifa na laini ya simu haisajiliwi kwa jina lake, kwa hiyo malipo yalikuwa yanatumwa kwenye simu ya mama. Mama alikuwa amekopa kupitia simu, mikopo ile midogo midogo ya kuongezea salio la kufanyia miamala, na mkopo wa namna hiyo hujilipa wenyewe pesa yoyote ikiingia. Kwa miezi miwili zilikatwa 31,000. Mama hakufanya hila yoyote. Ujumbe uliingia, pesa ikaondoka, na yeye mwenyewe aliona aibu kumweleza mtoto. Katika 47,000 zilizobaki, 27,000 zilikwenda kwenye viatu na madaftari ya wadogo zake shule zilipofunguliwa Januari. Hilo binti alilitoa kwa moyo wake na sitalihesabu kuwa hasara. Lakini mwisho wa Januari, miezi miwili kati ya saba ikiwa imekwenda, godoro lilikuwa na 20,000.

Matokeo yalitangazwa tarehe 25 Januari 2024. Daraja la pili. Alikuja kuniambia akiwa na furaha ya kweli na nilimpongeza, kisha nikamuuliza kazi inaendaje, na ndipo nikayasikia yote haya. Nilimwomba radhi. Nilimwomba na mama yake radhi, kwa sababu alikuwa amelichukua neno langu kama neno la mtu aliyekwenda kuangalia, na mimi sikwenda.

Cherehani

Kazi iliyomfaa aliipata mwenyewe. Alipeleka suruali ya mdogo wake kupindwa kwa fundi mmoja wa kike, mama wa makamo ambaye wateja humwita Bi Fundi, mwenye kibanda cha mabati chenye cherehani mbili na ovaloki moja, mashine ya kushona kingo za nguo zisifumuke. Bi Fundi alikuwa peke yake na rundo la nguo mpaka magotini. Msaidizi wake alikuwa ameolewa Desemba akahamia Kibaha. "Unajua kutia vifungo?" Binti akasema anajua. Akapewa shati, akatia vitano, Bi Fundi akavivuta kimoja kimoja kwa vidole, viwili vikatoka. "Hujui. Kaa, nikuonyeshe."

Safari hii nilikwenda. Nilikaa kwenye kigoda pale kibandani karibu saa nzima nikiangalia tu. Cherehani zake ni za kukanyaga, umeme ukikatika kushona hakusimami, ni ovaloki tu inayosubiri, na pasi ni ya mkaa. Niliangalia hilo kwanza, nadhani msomaji anaelewa kwa nini. Kisha nilisikiliza. Neno nililolisikia kuliko mengine lilikuwa "fumua". Fumua hii. Fumua hapa, anza upya. Hakulisema kwa ukali. Alikuwa anatupa jicho upande wa binti kila baada ya dakika chache, hata akiwa na sindano mdomoni, na mkono wa binti ukienda vibaya anausimamisha kabla haujafika mbali.

Tuliandika makubaliano kwenye nusu ya karatasi, mama akasaini, Bi Fundi akasaini, nami nikashuhudia. Wiki mbili za kwanza hakuna malipo, anajifunza. Baada ya hapo analipwa kwa nguo: 500 kwa kila nguo anayoimalizia, yaani vifungo, vitundu vya vifungo, kupinda na pasi, na bei itapanda akianza kushona. Analipwa Jumamosi, taslimu, mkononi mwake. Anaondoka kabla ya giza. Mama aliongeza sharti lake mwenyewe: kununua kibubu cha mbao na kukiweka juu ya kabati, kisifunguliwe mpaka Juni isipokuwa kwa jambo la lazima.

Wengi hudhani wiki mbili bila malipo ni unyonyaji, na mara nyingi ndivyo ilivyo. Nimewaona mafundi wanaochukua vijana, wiki mbili zikiisha wanawaacha na kuchukua wengine, hawamlipi mtu. Tofauti ilikuwa kwamba hapa muda ulikuwa umeandikwa, na Bi Fundi aliupoteza muda wake mwenyewe katika zile wiki mbili. Ukitaka kujua kama anayekufundisha anakufundisha kweli, angalia kama kazi yake imechelewa kwa sababu yako.

Februari alipata 18,000. Machi ilikuwa 64,000, kwa sababu mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi na Ramadhani ilianza kama tarehe 12 mwezi huo huo. Pasaka na Idi zikafuatana, na mtaa mzima ulitaka kuvaa ndani ya siku kumi. Mchanganyiko huo ulimlipa, na ulimfanyia jambo ambalo pesa haikulionyesha.

Bi Fundi alikuwa anaandika vipimo kwenye vikaratasi na kuvibana kwenye kitambaa kwa pini. Pini ikitoka, kipimo kimepotea, na mteja anaitwa tena. Binti, ambaye darasani alisoma utunzaji wa hesabu, alinunua kauntabuku akapiga mistari: tarehe, mteja, kifua, kiuno, nyonga, urefu, bei, advansi, salio, siku ya kuchukua. Hakutumwa na mtu. Wiki ya tatu ya Machi walijumlisha safu ya salio. Wateja waliochukua nguo kwa ahadi ya "nitaleta kesho" walikuwa wanadaiwa jumla ya 86,000. Bi Fundi aliitazama ile namba kwa muda mrefu. Alikuwa ameishi na deni hilo bila kujua ukubwa wake. Wakaanza kudai taratibu, mmoja mmoja, kwa adabu, na kanuni mpya ikawekwa kwamba nguo haitoki bila salio.

Ndege vichwa chini

Kuna siku moja ninayoihesabu kuwa ndiyo kazi yenyewe kuliko nyingine zote.

Wiki ya mwisho kabla ya Idi, Bi Fundi alimruhusu kukata kitenge cha mteja kwa mara ya kwanza. Gauni rahisi. Kitambaa kilikuwa na picha za ndege wakubwa, na picha ya namna hiyo ina juu na chini. Binti alikunja vizuri, akapima vizuri, akakata vizuri kabisa, ila kipande cha mgongo alikiweka kinyume. Akaviunga mabegani, akakitundika, na alipokizungusha akaona: mbele ndege wamesimama, mgongoni wako vichwa chini.

Anasema alihisi tumbo limekuwa baridi. Alifikiria kulikunja na kulificha chini ya mengine mpaka apate akili. Badala yake alilipeleka kwa Bi Fundi akiwa amelishika kwa mikono miwili. Bi Fundi hakupaza sauti. Aliweka mkasi chini, akafunga kibanda mchana kweupe katika wiki ya Idi, wakaenda wote wawili Rangi Tatu kutafuta kitenge kile kile. Hawakukipata. Wakarudi moja kwa moja nyumbani kwa mteja, na mlangoni Bi Fundi akamsogeza mbele: "Eleza wewe."

Akaeleza. Mteja alikasirika, na alikuwa na haki. Bi Fundi akapendekeza mgongo uwe wa kitambaa cha rangi moja kinachofanana na rangi ya ndege, akaonyesha kwa mkono utakavyokaa, akasema hatachukua ushonaji wa nguo ile. Mteja akakubali. Usiku wa siku ile binti alilia nyumbani. Kesho yake asubuhi alikuwa wa kwanza kufika kibandani. Bi Fundi akampa kitenge kingine akate, chenye maua safari hii, akasimama nyuma yake mpaka mkasi ulipomaliza.

Nilipokuwa kijana nilifanya vibarua vingi, na hakuna bosi aliyewahi kunipeleka mlangoni kwa mteja nikaseme kosa langu huku yeye akiwa amesimama ubavuni. Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo ninalolitafuta sasa ninapoulizwa kazi gani ni nzuri. Steshenari hakukuwa na cha kukosea. Huku kulikuwa na cha kukosea, na kulikuwa na mtu.

Usiku wa kuamkia Idi

Wiki hiyo hiyo lilizuka jambo ambalo nusura lituvurugie. Mafundi wa mtaani hushona usiku kucha siku za mwisho za mfungo. Bi Fundi aliomba binti abaki mpaka saa 6 usiku kwa siku nne, kwa malipo mara mbili. Binti alitaka. Mama, akifikiria godoro, alikuwa anaelekea kukubali. Alinipigia simu.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua mtu wa chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Inamruhusu kufanya kazi nyepesi kuanzia miaka 14, isiyomdhuru afya wala masomo, na inakataza kumfanyisha kazi usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi. Niliwaeleza hivyo. Lakini sikutaka kuishia kwenye kukataza, maana sheria iliyotamkwa na mwalimu kwenye simu haimalizi rundo la nguo. Mama ndiye aliyetoa njia. Ramadhani wanaamka daku hata hivyo. Binti akishasali alfajiri anaweza kufika kibandani saa 12 asubuhi kamili, kwenye ubaridi, wateja hawajaanza kugonga, na akaondoka kabla ya futari. Bi Fundi akakubali, na baadaye alisema zile saa mbili za asubuhi zilimalizia nguo nyingi kuliko usiku, kwa kuwa mkono ulikuwa haujachoka. Idi ilikuwa tarehe 10 Aprili. Mwezi huo kibubu kilipokea 71,000, nyingi zikiwa za siku zile kumi.

Baada ya hapo kazi ilipungua. Aprili ilikuwa ya mvua kubwa, na mwanzoni mwa Mei kulikuwa na kimbunga Hidaya, siku mbili hakutoka nyumbani. Mei alipata 22,000. Juni, akiwa ameanza kushona sketi mwenyewe kwa 1,500 moja, alipata 35,000.

Ukijumlisha miezi mitano ya cherehani unapata 210,000. Alitoa 23,000 kununua mkasi wake mwenyewe na utepe wa kupimia, jambo ambalo mama alilihesabu kuwa la lazima. Pamoja na 20,000 za steshenari, kibubu kilipovunjwa kilikuwa na 207,000. Pungufu ya 33,000 alileta baba kutoka Mtwara.

Vipi angekwenda Kariakoo?

Ninaulizwa hili, na naomba nimtendee haki mwenzake mmoja aliyekwenda. Yeye alikuwa anaishi Temeke, gari moja tu, kwa hiyo hesabu yake ya nauli ilikuwa tofauti na kilichombakia kilikuwa cha maana. Muhimu zaidi, alipata mwenye duka aliyemweka karibu. Wateja wa jumla wa Kariakoo wanatoka Zambia, Malawi, Kongo, Komoro, na alifundishwa kuhesabu mzigo, kuufunga kwenye belo, kuandika alama za mteja, kujua bei ya kuanzia na bei ya mwisho ya kila nguo. Miezi sita ile alijifunza kumtazama mteja usoni na kujua kama anaondoka kweli au anatega. Juni, wafanyabiashara walipofunga maduka kwa mgomo kuanzia tarehe 24, mwenye duka alimlipa nusu siku kwa siku zile za mgomo. Kijana yule naye alipata kazi njema.

Mwenzao wa tatu, katika soko lile lile, alisimama nje ya duka akipiga makofi kuita wateja kwa miezi minne. Anaijua ile kazi ya kupiga makofi.

Kwa hiyo siwezi kuandika kwamba cherehani ni bora kuliko duka, au kwamba mtaani ni bora kuliko mjini. Swali langu la kwanza sasa ni nani atakuwa pembeni ya mtoto huyu saa 5 asubuhi, na akikosea nani atamwambia. La pili ni kinachobaki baada ya nauli na chakula. La tatu ni pesa inafika mkononi mwa nani na kwa njia gani, maana kwa mtoto asiye na laini yake, kibubu cha mbao kinaweza kuwa salama kuliko simu. La nne ni umeme, mvua na msimu, na hilo nalisema nikikumbuka kwamba Desemba na mwanzo wa Januari ni msimu wa sare kwa mafundi. Bi Fundi alikuwa akihangaika peke yake siku zile zile binti alipokuwa amekaa mbele ya mashine iliyozimika. Msimu ule ulitupita kwa sababu yangu. Na naenda kuona mahali. Haichukui zaidi ya saa moja.

Kuhusu tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano: dirisha la kubadilisha lilipofunguliwa mwaka ule, pamoja na tahasusi mpya zilizotangazwa Machi, alitoa CBG (Kemia, Biolojia na Jiografia) aliyoijaza awali akaweka ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu). Mama aliumia kidogo, alikuwa ameshajiona na mtoto daktari. Sitadai kwamba ni kauntabuku ya Bi Fundi iliyombadilisha. Hesabu alizipenda tangu kidato cha pili.

Alipangiwa shule ya bweni mkoa wa mbali. Siku mbili kabla ya safari alipita kuniaga, kisha akapita kwa Bi Fundi, nami nikamsindikiza kwa kuwa njia ilikuwa moja. Bi Fundi alikuwa ameishona shuka moja kwa mabaki ya vitambaa, vipande vya karibu kila nguo waliyoishona pamoja. Kipande cha katikati kilikuwa na ndege mmoja, amesimama wima. Akamuuliza kama likizo ya Desemba atarudi, msimu wa sare.

"Nitarudi, mama," binti akasema. "Ila Desemba tuandikishane upya. Mashati nikate mwenyewe, kola nishone mwenyewe, na tusihesabu kwa vifungo."

Bi Fundi akamwambia bei. Binti akataja yake. Niliwaacha wanaendelea.